Jinsi ya kuiangalia Sultan bila kumbebesha Hurrem lawama zote

Kila nikikuta watu wanaijadili Sultan, ile tamthilia ya Kituruki ambayo Azam waliileta kwa Kiswahili na kina mama, vijana mpaka wazee wa barazani wakaganda nayo, mjadala unaishia palepale, Hurrem mchawi, Hurrem muuaji, Hurrem kavuruga nyumba ya watu. Afu anatokea mmoja wa kumtetea, anasema mnamwonea wivu tu, basi hapo ni matusi mpaka usiku na hoja hakuna. Mi naipenda sana hii tamthilia na inaniuma ikijadiliwa hivyo, kwa sababu ni chache mno zinazoonyesha wazi namna hii madaraka yanavyotembea ndani ya nyumba, nani anaonekana mkubwa na nani ndo mwenye kauli kweli. Kwa hiyo naweka hapa namna ya kuiangalia, na ukishaizoea utaitumia kwenye tamthilia yoyote ya kugombania kiti, iwe ya ikulu, ya kampuni ya familia au ya ukoo wenye mashamba. Ila nataja mpaka mambo ya mwisho kabisa, ambaye hajamaliza aache kusoma hapa hapa.

Jua sheria za ile nyumba kabla hujamchukia mtu

Wengi wetu tumeiangalia kwa macho ya uke wenza. Mahidevran mke mkubwa wa Suleiman, yule sultani wa Uthmaniya, Hurrem suria kaja juzi na nywele zake nyekundu kachukua nafasi, mama mkwe Valide hamtaki, wifi Hatice yuko katikati. Na ni kweli hayo yote yapo ndo maana ilituingia haraka. Lakini ukiishia hapo umeikosa nusu ya tamthilia, maana kwenye dola ya Uthmaniya sultani mpya akishakalia kiti aliruhusiwa kuwaua ndugu zake wa kiume ili asibaki wa kumgombania. Hilo halikutungwa na waandishi wa tamthilia, linatoka kwenye kanuni za Sultani Mehmed wa Pili, yule Fatih aliyeiteka Constantinople mwaka 1453, babu wa baba yake Suleiman.

Sasa weka hilo kichwani urudi kuangalia tena toka mwanzo. Mahidevran ana Mustafa. Hurrem ana Mehmed, Selim, Bayezid na Cihangir. Mustafa ndo mkubwa, ndo kipenzi cha jeshi, akipanda yeye basi roho za wale wengine ziko mkononi mwake, na hata kama yeye binafsi ana huruma (na tamthilia inamwonyesha ana huruma sana) wanaomzunguka hawatamwacha aishi na wagombea wanne nyuma yake. Akipanda mmoja wa watoto wa Hurrem, Mustafa ndo anaondoka. Kila mama mle ndani anajua hivyo toka siku anaambiwa kazaa wa kiume. Ukishalijua hili kile unachokiita roho mbaya kinabadilika sura, unaanza kuona wanawake wawili ambao kila mmoja uhai wa mwanae umesimama juu ya kaburi la mtoto wa mwenzie, na hakuna hata mmoja aliyeiweka hiyo sheria.

Kuna na desturi nyingine ya kushika, hii wengi inawapita. Kawaida suria akishamzalia sultani mtoto wa kiume alikuwa haendelei kuzaa tena, analea huyo mmoja, mtoto akikua anapelekwa kutawala jimbo na mama yake anaenda naye. Mahidevran aliifuata, Mustafa alipopelekwa Manisa mwaka 1533 mama akafungasha. Hurrem akazaa wa kwanza, wa pili, wa tatu, akabaki Istanbul, na juu ya hapo Suleiman akamfunga ndoa kabisa mnamo 1534, mtumwa aliyekamatwa na Watatari kutoka eneo ambalo leo ni Ukraine anakuwa mke halali wa sultani. Watu wa wakati ule walishtuka mno, wageni wa Ulaya waliokuwa Istanbul wakaandika kwamba mjini watu wanamwita mchawi, kamroga sultani. Yaani lile neno tunalomwita sisi tukiwa kwenye kochi, walishamwita hao majirani zake miaka karibu 500 iliyopita. Kwa hiyo ukiona mhusika anachukiwa na kila mtu kwenye jumba, jiulize kavunja desturi gani na hiyo desturi ilikuwa inamlinda nani.

Kwenye kila kipande tafuta nani ana nguvu, usidanganyike na cheo

Hapa ndo penye utamu wenyewe. Chukua kile kipande cha mwanzoni Mahidevran anamshambulia Hurrem, anampiga mpaka uso unavimba. Wengi tukiangalia tunaona Mahidevran kashinda, kamfundisha adabu. Kisa chenyewe kina asili ya kweli, balozi wa Venice Bernardo Navagero alikiandika kwenye ripoti yake ya mwaka 1553, kwamba Mahidevran alimrarua Hurrem uso na kumng'oa nywele huku akimwita nyama ya kuuzwa, maana alinunuliwa sokoni. Baada ya siku chache sultani akatuma mtu kumwita Hurrem. Na Hurrem akakataa kwenda. Akamwambia aliyetumwa, mimi nyama ya kuuzwa sistahili kwenda mbele ya sultani, uso umechanika na nywele zimepungua. Sultani akaletewa majibu hayo, akataka aje hivyohivyo, akajionea mwenyewe, akamwita Mahidevran akamuuliza, na Mahidevran akajibu kwa jeuri kwamba ndio nimempiga na alistahili zaidi ya hapo. Tangu siku hiyo hakuitwa tena.

Angalia kilichotokea hapo pole pole. Mahidevran ana cheo, ana mtoto wa kwanza, ana mkono mzito, na ana haki kwa mujibu wa desturi. Hurrem hana chochote zaidi ya sikio la mtu mmoja. Akalitumia, tena kwa kukataa wito wa mtu ambaye hakuna anayemkatalia, akajua kabisa kukataa kwake ndo kutamfanya aulize. Na Mahidevran akaangushwa na ukweli wake mwenyewe, alikiri mbele ya mtu ambaye pengine alikuwa anasubiri sababu. Nani alikuwa na nguvu kwenye ile ngumi? Ukijibu swali hilo vizuri umeshaielewa tamthilia nzima.

Kwa hiyo kila kipande uwe na maswali yako: nani kaja kwa nani, nani kasimama na nani kakaa, nani anaondoka kwa kurudi kinyumenyume na nani anageuka tu na kwenda, nani anajua jambo ambalo mwenzie halijui. Hilo la mwisho lina uzito kuliko yote. Ndo maana Sumbul Agha, mtumishi tu, anaogopwa na mabinti wote wa jumba, maana anajua nani kaitwa usiku na nani hajaitwa na barua ipi imetoka mlango upi. Ukitaka jaribio rahisi, zima sauti dakika mbili uangalie macho na mikono tu, utamjua mwenye nguvu mapema kabla hajafungua mdomo.

Angalia umepewa macho ya nani

Huwa tunadhani tumemchagua wenyewe wa kumpenda. Sio kweli, tumechaguliwa. Mhusika ambaye kamera inamfuata mpaka chumbani akiwa peke yake analia, huyo tutamsamehe karibu kila kitu. Ambaye tunamwona akiwa na watu tu, akitoa amri afu anatabasamu wakishatoka, huyo tutamchukia hata akifanya nusu ya dhambi za mwenzie. Msimu wa kwanza tumepewa macho ya Hurrem, tumemwona Alexandra (ndo Hurrem mwenyewe kabla hajapewa jina hilo) kwenye meli analilia wazazi wake waliouawa, ndo maana mwanzoni wengi tulikuwa upande wake. Kadiri Mustafa anavyokua macho yanahama taratibu, mpaka msimu wa nne tunaona dunia kupitia Mustafa na Hurrem anabaki kivuli mlangoni na Rustem Pasha wake, yule waziri mkwe wake. Yeye hajabadilika kiasi hicho, anapigania kilekile alichokuwa anapigania mwanzo. Sisi ndo tumehamishwa kiti.

Na Mustafa wametengenezewa usteling kamili. Mzuri, shujaa, mtiifu, anapendwa na maaskari, hana hila. Sisi tuliokulia vibanda umiza tunajua sheria, steling hafi, atapigwa wee lakini mwisho anainuka. Sasa steling akifa tena kwa amri ya baba yake, mtazamaji anabaki na hasira ambayo hajui aiweke wapi. Kule Uturuki kipande hicho kilirushwa Februari 2014 na watu walifurika kwenye kaburi la Mustafa mjini Bursa, mtu aliyekufa mwaka 1553, wanamsomea dua na kulia kama msiba wa juzi. Mi siwacheki hata kidogo, ile ni heshima kubwa kwa kazi ya Mehmet Günsür aliyemwigiza na waandishi wale. Na kabla ya hapo tamthilia ilipoanza tu Januari 2011 mamlaka ya utangazaji ya kule ilipokea malalamiko zaidi ya 70,000 kwamba sultani anaonyeshwa anakunywa na kukaa na wanawake, na mwaka 2012 Erdoğan mwenyewe akiwa waziri mkuu akasimama kuikosoa, akisema Suleiman aliishi miaka 30 juu ya farasi vitani. Ikifika mkuu wa serikali anabishana na tamthilia ujue imegusa pabaya.

Hasira ipeleke kwa mwenye amri

Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ndo hasa kilichonifanya niandike.

Mustafa aliitwa kwenye hema la baba yake karibu na Ereğli, jeshi likiwa njiani kwenda kupigana na Waajemi. Aliambiwa aache silaha nje. Ndani alikuta wanyongaji. Busbecq, balozi aliyefika Istanbul muda mfupi baadae, aliandika alivyosimuliwa, kwamba Suleiman alikuwa nyuma ya pazia la hema lilelile, na wanyongaji walipokuwa wanashindwa maana Mustafa alipambana kwa nguvu zote, alichungulia akawakazia macho kwa vitisho wamalize. Baba mzazi. Pazia tu katikati.

Afu baada ya kipande hicho fungua mazungumzo popote uone anatukanwa nani. Hurrem. Hurrem hayupo hata kwenye hilo hema, yuko safari ya siku nyingi kutoka hapo. Kweli kashiriki fitina, kwenye tamthilia yeye na Rustem wanahusika na muhuri wa kughushi na barua ya uongo kwa Shah wa Uajemi, sitaki kumsafisha, mikono yake michafu. Lakini fitina ni maneno mpaka apatikane mwenye kuyageuza amri, na pale alikuwepo mmoja tu. Tena ana sababu zake mwenyewe ambazo hazihitaji mwanamke wa kumnong'oneza. Baba yake Suleiman, Selim wa Kwanza, alimlazimisha baba yake mzazi, Bayezid wa Pili, aachie kiti mwaka 1512 akiwa na jeshi nyuma yake. Suleiman kayakuta hayo akiwa kijana, anajua kabisa mtoto anayependwa na jeshi anaweza kumfanyia nini baba aliyezeeka. Ile hofu alizaliwa nayo nyumbani kwao.

Na kama bado unabisha, hesabu mwenyewe. Ibrahim Pasha rafiki yake wa ujana ananyongwa mwaka 1536, tunasema Hurrem. Mustafa 1553, tunasema Hurrem. Hurrem akafariki mwaka 1558. Mwaka 1561 Bayezid, mtoto wa huyohuyo Hurrem, aliyekuwa kakimbilia Uajemi, akakabidhiwa kwa watu wa baba yake na kuuawa pamoja na watoto wake wa kiume. Hurrem yuko kaburini miaka mitatu. Hapo tunamsingizia nani? Mikono ni ileile toka mwanzo, na sisi tulikuwa tunaangalia pembeni kwa sababu mwenye mikono kapewa uso wa mwigizaji Halit Ergenç, anaandika mashairi, analia usiku, anampenda mkewe.

Tabia hii haiko kwetu peke yetu. Kwenye Breaking Bad ya Marekani mume Walter White anapika madawa ya kulevya, anaua, anaidanganya familia miaka, lakini aliyechukiwa na mashabiki wengi ni mkewe Skyler kwa kuwa anauliza maswali na kumzuia. Mwaka 2013 Anna Gunn aliyeigiza Skyler aliandika makala kwenye New York Times kuhusu hiyo chuki, ilifika mahali mtu anauliza mtandaoni ampate wapi amuue. Yeye, mwigizaji. Kwa hiyo siku ukijikuta una hasira na mhusika wa kike kwenye tamthilia ya madaraka, simama kidogo ujiulize nani kwenye hiyo hadithi alikuwa na uwezo wa kusema hapana na yakaisha. Ukimpata, mpe sehemu yake ya hasira kwanza, kitakachobaki ndo ukagawie wengine.

Mwigizaji muache na maisha yake

Hili halina maneno mengi. Usiende kwenye ukurasa wa mwigizaji kumtukana kwa alichofanya mhusika, hata kama unadhani hatakielewa Kiswahili chako. Nur Fettahoğlu aliyecheza Mahidevran hajampiga mtu, Okan Yalabık aliyecheza Ibrahim hajamsaliti mtu. Wakwetu wa Bongo ndo wanaumia zaidi maana wanakutana na nyie sokoni na kwenye daladala, dada wa watu kacheza mke mbaya anazomewa akinunua nyanya. Ukimchukia mhusika kwa dhati basi mwigizaji kafanya kazi yake, mwambie hivyo.

Meryem Uzerli, Hurrem wa kwanza, alipoondoka mwaka 2013 na nafasi yake akachukua Vahide Perçin wengi walikataa wakasema huyu sio Hurrem. Nawaelewa, lakini mrudie tena msimu wa nne. Perçin anacheza mwanamke aliyeshazika mtoto, maana Mehmed alifariki 1543, kicheko kimeisha, anahesabu tu waliobaki. Utulivu wake wenyewe unatisha, na kwa mama aliyefika pale nauona ni sahihi kabisa.

Ukiingia kwenye ubishi

Taja kipande. Usiseme Hurrem mbaya kwa ujumla, sema pale alipomfanyia fulani hivi hakuwa na njia nyingine, au alikuwa nayo na hakuitumia. Mtu akikuletea "wanawake ndo walivyo" mwulize Rustem ni mwanamke? Ibrahim aliyelewa sifa mpaka akaanza kujiita sultani kwenye barua zake naye mwanamke? Hiyo hoja huwa inaishia hapo.

Tenganisha historia na tamthilia, ukichanganya utaumbuka. Isabella yule binti wa Castile kwa mfano ni wa kutungwa, mtu akija na hoja zake kutoka kwa Isabella kama ushahidi wa jinsi Suleiman alivyokuwa, mrudishe taratibu bila kumdhalilisha. Na kwa wale mnaoangalia pamoja kwenye magrupu, kubalianeni mapema mmefika wapi, maana hizi ni tamthilia ambazo mwisho wake uko kwenye kila kitabu cha historia na mmoja akigugo tu anawaharibia wote. Kama kuna bibi au mama anafuatilia na nyie, mpe nafasi aseme kwanza, hasa aliyewahi kuishi na mke mwenza au mama mkwe mkali nyumba moja, kuna mitazamo ya macho mle ataisoma upesi na kukueleza vitu ambavyo wewe umeangalia mara tatu hujaviona.

Ukishamaliza hii ingia kwenye Kösem, tamthilia iliyofuata ya jumba hilohilo, iliyorushwa kule Uturuki kati ya 2015 na 2017, uanze na lilelile la sheria za nyumba. Ahmed wa Kwanza alipopanda mwaka 1603 hakumuua mdogo wake Mustafa, akamwacha hai amefungiwa ndani ya jumba. Andika pembeni jina la kila mama mwenye mtoto wa kiume, afu fuatilia anavyobadilisha mbinu zake sasa kwa kuwa shindano halimaliziki tena siku ya kukalia kiti.